Agrippina, Mama wa Kaisari

Mwaka wa 1669, katika mwezi wa Desemba, watu wa Paris walikusanyika katika nyumba ya michezo ili kutazama mchezo mpya wa mtungaji wao Racine. Ulikuwa ni mchezo wa msiba, nao uliitwa Britannicus, kwa jina la kijana ambaye huuawa mwishoni. Mchezo ulipoanza, waliona ukumbi wa jumba la Kaisari huko Rumi, wakati wa alfajiri, na mwanamke amesimama mbele ya mlango uliofungwa. Hakuwa na walinzi, wala hakuwa na watu wa kumfuata kama ilivyo desturi ya wakuu. Alikuwa akingoja mwenye chumba aamke. Mwenye chumba alikuwa Nero, Kaisari wa Warumi, na yule aliyengoja alikuwa Agrippina, mama yake mzazi.

Mchezo ule ulitungwa, lakini Agrippina hakutungwa. Aliishi kweli, na habari zake ziliandikwa na Warumi wenyewe, hasa na Tacitus, ambaye Racine alimsoma kwa bidii. Yafaa tujue jinsi mwanamke aliyempa mwanawe ufalme mkubwa kama ule alivyofika hata akasimama nje ya mlango wake.

Alizaliwa mwaka wa 15 baada ya Kristo, kando ya mto Rhine, mahali ambapo leo pana mji wa Köln katika nchi ya Ujerumani. Babaye, Germanicus, alikuwa jemadari aliyependwa sana na askari na watu wote, na mamaye alikuwa mjukuu wa Augustus, Kaisari wa kwanza. Kwa hiyo Agrippina alikuwa mtoto wa ukoo mkubwa kupita wote katika Rumi, na jambo hilo hakulisahau hata siku moja.

Walakini kuzaliwa katika ukoo ule kulikuwa na hatari yake. Kabla hajatimiza miaka minne, babaye alikufa huko Antiokia katika nchi ya Shamu, na watu wengi walisadiki kwamba alipewa sumu. Mamaye akarudi Italia akiyachukua majivu ya mumewe, na watu wakajaa pwani wakilia. Baadaye Kaisari Tiberius alimchukia mama huyo, akamhamishia kisiwa kidogo cha Pandateria, naye akafa huko kwa njaa mwaka wa 33. Wanawe wawili wakubwa waliangamizwa vilevile. Mwana wa tatu, Gaius, ambaye wengi humwita Caligula, alipata ufalme mwaka wa 37. Hata yeye, baada ya miaka miwili tu, alimshtaki Agrippina, dada yake, kuwa amefanya shauri la kumwua, akamfukuza mpaka kisiwani. Basi ukitaka kumhukumu mwanamke huyu kwa tamaa yake, kumbuka kwanza shule aliyosomea. Katika nyumba ya Makaisari alikuwa ameona kwamba asiye na nguvu haishi sana.

Alipofukuzwa alimwacha nyuma mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa mwaka wa 37. Baba wa mtoto huyo akafa, na Caligula akaitwaa mali yote, hata mtoto akalelewa nyumbani kwa shangazi yake. Mwaka wa 41 Caligula aliuawa na walinzi wake mwenyewe, na Claudius, mdogo wake Germanicus, akafanywa kuwa Kaisari. Yeye akamrudisha Agrippina kutoka kisiwani. Kwa muda wa miaka saba mwanamke huyo akakaa kimya, akimlea mwanawe na kungoja.

Mwaka wa 48 mke wa Claudius aliuawa kwa sababu ya matendo yake maovu, na watu wa jumba la Kaisari wakaanza kushindana juu ya nani atakuwa mke mpya. Pallas, mtunza hazina, alimpendekeza Agrippina. Palikuwa na kizuizi kimoja: Claudius alikuwa baba yake mdogo, na sheria ya Warumi ilikataza ndoa ya namna hiyo, kama inavyokatazwa na mataifa mengi hata leo. Lakini Baraza la Wazee wa Rumi lilibadili sheria, na mwaka wa 49 arusi ikafanywa.

Tangu hapo alipanda kwa upesi wa ajabu. Alimrudisha Seneca, mtu mwenye elimu nyingi aliyekuwa amefukuzwa akakaa katika kisiwa cha Corsica, akamfanya kuwa mwalimu wa mwanawe. Mwaka wa 50 alimshawishi Claudius amfanye kijana huyo kuwa mtoto wake mwenyewe, ndipo akapewa jina la Nero. Sasa Claudius alikuwa na mwana wake wa kumzaa, jina lake Britannicus, mdogo kwa Nero kwa miaka mitatu. Huyo akaanza kusukumwa nyuma kidogo kidogo, hata watumishi wake waaminifu wakaondolewa. Agrippina akapewa cheo cha Augusta, na mji aliozaliwa ukapewa jina lake. Burrus, aliyewekwa kuwa mkuu wa askari walinzi, alijua vizuri ni nani aliyempatia kazi ile. Mfalme Caratacus wa Britania alipoletwa Rumi amefungwa, akasamehewa, alimshukuru Claudius, kisha akaenda kumshukuru Agrippina aliyekuwa amekaa juu ya kiti kingine karibu, mbele ya bendera za jeshi. Warumi walistaajabu, kwa maana jambo kama hilo halikuwa limeonekana kwao kamwe.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 54 Claudius alikufa. Waandishi wa kale husema kwamba mkewe alimpa sumu katika chakula cha uyoga. Lililo hakika ni kwamba milango ya jumba ilifungwa, habari za kifo zikafichwa kwa muda, na ilipofika adhuhuri milango ikafunguliwa, Nero akatoka pamoja na Burrus kwenda kwa askari, nao wakampokea kuwa Kaisari. Alikuwa hajatimiza miaka 17. Siku ile askari walipomwuliza neno la siri la ulinzi, aliwapa neno la kumsifu mama yake kuwa mama aliye bora kupita wote.

Hapo ndipo Agrippina alipokuwa juu kabisa, na hapo hapo ndipo alipoanza kushuka.

Kushuka kwake twaweza kukuona kwa macho, maana sarafu za dhahabu za miaka ile zimehifadhiwa katika nyumba za makumbusho. Katika sarafu za mwaka wa 54, nyuso mbili zimetazamana, uso wa mama na uso wa mwana, na maneno yanayozunguka nyuso hizo ni majina ya mama. Jina la mwana limewekwa nyuma ya sarafu. Katika zile za mwaka wa 55 Nero yuko mbele, na uso wa mama umekaa nyuma ya wake, umefunikwa nusu, na jina lake ndilo lililopelekwa upande wa nyuma. Baada ya hizo, sarafu za Rumi hazina tena uso wa Agrippina.

Yaliyokuwa yakitendeka jumbani yalikuwa kama yale ya sarafu. Mwanzo Baraza la Wazee liliitwa kukutana ndani ya jumba la Kaisari, ili Agrippina apate kusimama nyuma ya pazia na kusikia yote pasipo kuonekana. Siku moja walikuja wajumbe kutoka Armenia kunena na Nero, na mama yake akaja akitaka kupanda kuketi pamoja naye. Wote waliokuwapo wakashikwa na hofu. Seneca akamnong'oneza Nero ainuke aende kumlaki mamaye. Basi akashuka kana kwamba anampa heshima, na kwa njia hiyo akamzuia asifike kwenye kiti. Angalieni jinsi lilivyofanywa jambo lile: hakufukuzwa wala hakukemewa, ila mwanawe alikuja kumlaki kwa adabu. Mara nyingi mwenye nguvu hupokonywa nguvu zake hivyo, wala hapati hata la kulalamikia.

Agrippina naye alikosa akili mahali ambapo zamani hakukosa. Alipokuwa mke wa Claudius alijua kungoja. Alipokuwa mama wa Kaisari hakujua tena. Nero alimpenda msichana mmoja jina lake Acte, ambaye zamani alikuwa mtumwa, na mama akamkaripia kwa ukali. Kadiri alivyomkaripia, kijana alizidi kumwambia Seneca siri zake na kumficha mama. Kisha mama akageuka ghafula, akawa mpole kupita kiasi, hata Nero akamtilia shaka. Siku nyingine Nero alichagua katika hazina nguo na vito vya thamani, akampelekea zawadi. Mama hakufurahi. Alinung'unika kwamba mwanawe anamgawia sehemu ndogo ya vitu ambavyo vyote pia amevipata kwake. Maneno hayo yakachukuliwa upesi mpaka kwa Nero, na pengine yakaongezwa njiani.

Nero akaona kwamba ili kumdhoofisha mamaye ni lazima kuwaondoa watu wake. Mwaka wa 55 akamwondoa Pallas katika kazi ya hazina. (Pallas huyu alikuwa ndugu wa Felix, yule liwali Feliki aliyemweka Paulo gerezani huko Kaisaria.) Agrippina akapandwa na hasira, akatishia kwamba atamchukua Britannicus mpaka kambini, awaonyeshe askari mwana halisi wa Claudius. Alidhani kwamba anamtisha Nero. Kumbe alikuwa amemhukumu Britannicus. Siku chache kabla kijana huyo hajatimiza miaka 14, alikuwa akila pamoja na jamaa wa Kaisari. Akaletewa kinywaji kilichokwisha kuonjwa, nacho kilikuwa cha moto mno. Alipokikataa, kikatiwa maji baridi, na katika maji hayo mlikuwa na sumu. Akaanguka pale pale. Nero hakuinuka mezani, akasema ni kifafa tu. Agrippina alijaribu kuuzuia uso wake, asiweze. Wote waliomtazama waliona kwamba hakujua lolote, na kwamba ameogopa. Britannicus akazikwa usiku ule ule, na mvua ikinyesha.

Siku hiyo ndiyo aliyoichagua Racine. Katika mchezo wake mama hupata mwisho kuonana na mwanawe, akamweleza moja moja yote aliyomtendea ili apate ufalme. Nero husikiliza, hujifanya ametubu, humwahidi kila atakalo. Naye atoka amejaa furaha, akijisifu mbele ya watu kwamba amerudishiwa enzi yake, na papo hapo kelele za kifo cha Britannicus hutoka chumbani. Racine mwenyewe aliandika kwamba msiba wa mchezo huo si kufa kwa Britannicus tu, bali ni kuanguka kwa Agrippina vilevile. Nami naona ya kuwa aliona kweli, maana yule kijana alikuwa silaha ya mwisho ya mwanamke huyo.

Baada ya hapo Nero alimwondolea askari waliomlinda, akamtoa katika jumba lake, akampa nyumba nyingine. Alipokwenda kumtazama alikwenda amezungukwa na maakida wa jeshi, akambusu kidogo, akarudi. Makundi ya watu waliozoea kujaa mlangoni kwake asubuhi wakapotea kana kwamba hawakumjua kamwe. Wakabaki wanawake wachache, na Tacitus hajui kama walikuja kwa kumpenda au kwa kumchukia. Mara moja akashtakiwa kwa uongo kwamba anataka kumwinua mtu mwingine awe Kaisari. Burrus na Seneca wakaenda kumhoji. Yeye hakulia wala hakuomba radhi. Aliwajibu kwa ukali hata wakaona haya, na walioleta mashtaka ndio walioadhibiwa. Ulikuwa ushindi, lakini haukumrudishia kitu.

Mwaka wa 59, mwezi wa Machi, Nero alimwita kwenye sikukuu huko Baiae, kando ya bahari. Alimkaribisha kwa upole mwingi, akamweka mahali pa heshima mezani, na usiku akamsindikiza hata pwani. Merikebu aliyopanda ilikuwa imeundwa kwa hila na Anicetus, mkuu wa merikebu za Misenum, ili ivunjike baharini. Usiku ulikuwa shwari, wenye nyota nyingi. Dari iliyojazwa risasi ikaanguka, ikamwua mtu mmoja wa watu wake. Lakini merikebu haikuvunjika kama ilivyopangwa. Mwanamke mwenziwe akapiga kelele gizani kwamba yeye ndiye Agrippina na aokolewe, mabaharia wakampiga kwa makasia mpaka akafa. Agrippina akanyamaza. Akaogelea, ingawa alikuwa na jeraha begani, mpaka akakutana na mashua za wavuvi, nao wakamfikisha pwani, akaenda nyumbani kwake.

Alifahamu yote. Hata hivyo aliona njia moja tu ya kujiponya, nayo ni kujifanya hakufahamu. Akamtuma mtu kwa Nero amwambie kwamba kwa rehema ya mungu mama yake ameokoka ajali, wala asihangaike kuja kumtazama. Nero aliposikia akaogopa sana, akamtuma Anicetus na askari. Watu wengi waliokuwa wamejaa pwani na mienge, wakishangilia kuokoka kwake, wakatawanyika. Chumbani palikuwa na taa ndogo na mjakazi mmoja, na huyo mjakazi naye akaondoka. Askari wakamwua kitandani pake.

Mwili wake ulichomwa usiku ule ule juu ya kitanda cha chakula, pasipo heshima za mazishi. Baraza la Wazee liliamuru watu watoe shukrani katika mahekalu. Nero alitawala miaka tisa zaidi, na muda wote huo kaburi la mama yake halikufunikwa hata kwa udongo. Baadaye watumishi wa nyumba yake walimjengea kaburi dogo kando ya njia iendayo Misenum.