Mnywa Sele, Mtemi wa Unyanyembe

Wasomaji wetu wengi wa Nzega na Tabora wamepata kusikia habari za Mirambo na Isike, lakini jina la Mnywa Sele hutajwa mara chache. Nasi twaona inafaa habari zake zielezwe, kwa kuwa taabu za utawala wake ziliwaachia waliomfuata taabu nyingine.

Nchi ya Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Watu waliotoka pwani walifika Tabora, ndipo wengine wakashika njia ya Ujiji, na wengine wakaelekea kaskazini mpaka ziwa la Nyanza. Fundikira alipokuwa mtemi, Waarabu walikaa kwa amani karibu naye, wakauza nguo na baruti, wakanunua pembe za ndovu. Nao walizoea kutolipa ushuru wa mali yao. Fundikira akafa yapata mwaka 1858.

Utemi uligombaniwa. Mnywa Sele, aliyekuwa kijana bado, akapata kiti kwa msaada wa baadhi ya Waarabu, na mshindani wake Mkasiwa akawekwa kando. Basi tangu siku hiyo mtemi alikuwa na deni lisiloandikwa popote. Wale waliomsaidia walidhani kwamba watapata faida kwake. Yeye alidhani kwamba mtemi ni mtemi, wala hana bwana juu yake.

Mnywa Sele akaamuru bidhaa zote zinazoingia nchini mwake zitozwe ushuru. Kwa desturi ya watemi hili halikuwa jambo geni, maana watemi wa njiani walitoza hongo, na ndovu akifa porini pembe moja ilikuwa haki ya mwenye nchi. Lakini Waarabu wakakasirika, wakamtishia kwamba watamweka Mkasiwa mahali pake. Yeye hakurudi nyuma. Wakaja na bunduki, wakaizunguka ikulu. Mnywa Sele akaponyoka usiku. Pembe zake zikachukuliwa, na Mkasiwa akatawazwa.

Ndipo vita vya njiani vilipoanza. Mtemi aliyefukuzwa alizunguka mashariki ya Unyanyembe, akitafuta rafiki na kuivizia misafara. Mapema mwaka 1861 Speke, msafiri Mwingereza, alikutana naye huko, akamwona kijana wa sura nzuri, akifuatwa na watu wake. Waliompa hifadhi walipata hasara kubwa: Maula, mtemi mzee wa Rubuga, aliuawa na Waarabu kwa sababu hiyo. Waarabu nao walipoteza watu wao. Mwaka huo huo Snay bin Amir, mfanyabiashara mashuhuri wa Tabora, aliuawa vitani. Wapagazi wakaogopa kusafiri, na Speke mwenyewe akakwama Tabora muda mrefu kwa kukosa watu wa kuchukua mizigo.

Speke akajaribu kuwapatanisha. Wajumbe wa Mnywa Sele wakafika Tabora, na watu wakaanza kutumaini amani. Lakini shauri likavunjika, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, na watu wawili walikidai. Wajumbe walitaka bwana wao arudishwe Unyanyembe; Waarabu hawakukubali kumwondoa Mkasiwa. Vita vikaendelea miaka mingine, hata mwaka 1865 Mnywa Sele akakamatwa, akakatwa kichwa.

Tusidhani kwamba kifo chake kiliwaletea Waarabu raha. Mkasiwa alitawala hata mwaka 1876, lakini nguvu zake zilitegemea bunduki za watu wengine. Mwaka 1871 Mirambo aliwashambulia Waarabu hapo hapo Tabora, na njia zikafungwa tena. Na Isike, aliyemfuata Mkasiwa, alipigana na Wadachi juu ya nchi ile ile, akafa mwaka 1893 ndani ya ngome yake.

Tukiyapima mambo haya, hatuwezi kusema kwamba Mnywa Sele alikosa kwa kudai ushuru. Ulikuwa haki yake. Shida yake ilianza mapema zaidi, siku ile alipokubali kuinuliwa na mikono ya wageni. Mkono uliompandisha kitini ulijua pia njia ya kumshusha. Na gharama yake haikulipwa na yeye peke yake: ililipwa na Maula, na wapagazi, na vijiji vya njiani ambavyo havikuulizwa ni nani awe mtemi.