Galileo na Michoro ya Kila Usiku

Mara nyingi sisi walimu tufundishapo habari za anga huwapa watoto majina ya sayari wayakariri, kisha tukadhani kazi imekwisha. Katika makala haya tunaeleza maisha ya mtu mmoja, naye alikuwa mwalimu, ili tuone jinsi maarifa ya anga yanavyopatikana.

Galileo Galilei alizaliwa Pisa, Italia, mwezi wa Februari 1564. Alianza kusomea udaktari, lakini hisabati ikamvuta zaidi. Mwaka 1592 aliajiriwa kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Padua, akakaa huko miaka 18. Kwa kuwa mshahara haukumtosha, aliwapangisha wanafunzi nyumbani kwake na kuwafundisha masomo ya ziada.

Mwaka 1609 alipata habari kwamba huko Uholanzi kumetengenezwa darubini. Alijitengenezea yake, akaiboresha hata ikaweza kukuza vitu mara 20 hivi. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliielekeza kwenye sayari ya Mshtarii, akaona vinyota vitatu vimejipanga nayo katika mstari mmoja: viwili mashariki, kimoja magharibi. Usiku uliofuata vyote vitatu vilikuwa magharibi. Tarehe 9 mawingu yalitanda, asione kitu. Tarehe 10 aliona viwili tu, vyote mashariki. Tarehe 13 alihesabu vinne. Aliendelea kuchora alichokiona usiku baada ya usiku, hata michoro yenyewe ikamfikisha kwenye jibu: hizo hazikuwa nyota, bali miezi inayoizunguka Mshtarii. Basi si kila kitu angani kiliizunguka dunia, kama wataalamu wengi wa siku zile walivyofundisha.

Jibu hilo halikuwapendeza wote. Mwaka 1616 wakuu wa Kanisa Katoliki walimwonya asishikilie fundisho la kwamba dunia hulizunguka jua. Mwaka 1632 alitoa kitabu kilichoyalinganisha mafundisho hayo mawili. Mwaka uliofuata alishtakiwa mjini Roma, akalazimishwa kulikana fundisho hilo, akafungiwa nyumbani mwake. Alifariki tarehe 8 Januari 1642, akiwa kipofu. Hata hivyo, miezi ile minne haikuacha kuizunguka Mshtarii, na kila mwenye darubini aliweza kuitazama mwenyewe.

Shule zetu nyingi hazina darubini, lakini mwezi wetu hauhitaji chombo. Mara uandamapo, kila mtoto achore kila siku, saa moja na nusu jioni, umbo la mwezi na mahali ulipo, akisimama pale pale na kuupima kwa mti au paa lile lile. Jioni ya mawingu aandike kwamba palikuwa na mawingu, wala asibuni mchoro. Mwalimu naye awe na daftari lake.

Baada ya majuma mawili tusiwape watoto jibu. Tuwaulize: kila jioni mwezi umesogea upande gani? Sehemu yenye mwanga huelekea wapi, na jua limetua wapi? Mtoto atakayeitazama michoro yake na kugundua kwamba mwanga wa mwezi hutoka kwenye jua, hatahitaji kulikariri jambo hilo, wala hatalisahau upesi.