Mekatilili wa Menza: Kaburi Ng'ambo ya Sabaki

Ukivuka mto Sabaki kutoka upande wa Malindi ukashika njia ya bara mpaka Bungale, katika sehemu za Magarini, utafika mahali alipozikwa mwanamke ambaye jina lake linajulikana na kila mtoto wa shule nchini Kenya. Mahali penyewe pana maana. Miaka kumi kabla ya kifo chake, serikali ya kikoloni ilikuwa imeamuru Wagiriama wote waondoke kaskazini ya mto huo. Mama huyu alizikwa papo hapo walipokatazwa kukaa.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika sehemu za Ganze, akaitwa Mnyazi wa Menza. Jina la Mekatilili, maana yake mama wa Katilili, alilipata baada ya kujaliwa mtoto. Wazee husimulia kwamba nduguye mmoja, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanya biashara ya utumwa wala hakuonekana tena. Tangu hapo, wasema, Mekatilili hakuweza kustahimili kuona mgeni akichukua kijana wa Kigiriama.

Mwaka 1912 serikali ilimpeleka Arthur Champion, msaidizi wa DC, akae Jilore kando ya Sabaki. Kazi yake ilikuwa kutoza kodi ya nyumba, kuweka wakubwa wa vijiji wenye kuitii serikali, na kupata vijana wa kwenda kuwa vibarua katika mashamba ya Wazungu. Wagiriama walikuwa wakulima hodari. Mahindi yao yaliuzwa Malindi, nao walivuka Sabaki kufuata ardhi yenye rutuba. Mtu mwenye shamba lake na ghala lililojaa ana haja gani ya kwenda kulimia mwingine kwa ujira mdogo? Serikali iliona kwamba ili wapatikane vibarua, lazima kwanza wanyang'anywe ardhi.

Hapo ndipo aliposimama Mekatilili. Wakati huo alikuwa mjane mtu mzima, hana cheo wala bunduki. Alichokuwa nacho ni mila. Alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya msibani, na kila alikocheza watu walimfuata, mpaka umati mkubwa ukakusanyika Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama. Huko, mwaka 1913, wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume wakala kiapo cha fisi, ambacho Mgiriama alikiogopa kuliko vyote. Waliapa kutolipa kodi, kutotoa vijana na kutoshirikiana na Wazungu. Mara Champion akaita watu, asipate mtu.

Pwani yote bado inasimuliwa habari ya kuku. Katika baraza moja, Mekatilili alimwendea Champion akiwa na kuku mwenye vifaranga, akamtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Yule kuku akamdonoa. Maana yake kila mtu aliielewa: hivyo ndivyo watakavyofanya Wagiriama wakichukuliwa watoto wao. Wazee humaliza kwa kusema kwamba Mzungu alimpiga risasi yule kuku.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyekuwa naye bega kwa bega, wakahamishwa mpaka Kisii. Serikali ilidhani mambo yamekwisha. Lakini Januari 1914 wawili hao walitoroka, wakarudi kwao kutoka upande wa Ziwa Viktoria mpaka karibu na bahari, karibu upana wa nchi nzima. Wazee wanasema walikwenda kwa miguu, kupitia misitu yenye wanyama wakali.

Mwezi wa Agosti 1914, serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Nawaomba wasomaji walitafakari jambo hili. Kaya haikuwa ngome yenye mizinga. Ilikuwa uwanja ndani ya msitu, wenye fingo lililozikwa na mababu na makaburi ya watu waliokwisha kufa. Wakoloni walitambua kwamba nguvu ya Mekatilili ilitoka mle. Watu wakaasi, vita vikapiganwa, vijiji vikachomwa moto na mbuzi wakachukuliwa. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kufukuzwa kaskazini ya Sabaki. Mekatilili alikamatwa tena akarudishwa uhamishoni.

Hata hivyo serikali haikupata ilichotaka. Vibarua hawakumiminika, na baada ya vita kuu Wagiriama waliachiwa kurudi ng'ambo ya mto. Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje walirejea, wakaenda kukaa kaya, Wanje akiongoza baraza la wanaume naye Mekatilili la wanawake. Alifariki mwaka 1924.

Je, ni nani aliyetutunzia habari hizi? Makumbusho ya Malindi na magofu ya Gede hutufundisha zaidi juu ya miji ya Waswahili na wageni waliokuja kwa meli. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Lakini habari za Mekatilili kama wanavyozijua watu wake zimetunzwa na wazee wenyewe, na chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA, chenye kituo ambamo mila na vitu vya kale vya Wagiriama huhifadhiwa. Chama hicho ndicho kinachoandaa sherehe za kila mwaka za kumkumbuka.

Jambo ninalolistahi kuliko yote katika kituo hicho ni kwamba kimewapa hifadhi wazee waliokimbia makwao. Kwa miaka mingi sasa, katika Kaunti ya Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvi na macho mekundu vimefanywa ushahidi. Mara nyingi nyuma ya shutuma hizo kuna ugomvi wa shamba, na wanaoshutumu ni jamaa wa damu.

Tusisahau kwamba Mekatilili naye aliitwa mchawi. Maofisa wa kikoloni walilitumia neno hilo kwa kuwa walishindwa kueleza kwa nini mjane asiye na silaha aliweza kuwakusanya watu ambao wao, pamoja na askari wao, hawakuweza kuwakusanya. Neno hilohilo sasa latumiwa na wajukuu juu ya bibi zao, na sababu ni ileile, ardhi.

Kinu, ngoma na picha vyaweza kuwekwa kabatini vikakaa. Lakini jinsi kifudu kinavyochezwa na lini, miko ya kaya, majina ya waliozikwa wapi, hayo yamo vichwani mwa wazee. Kila mzee anayeuawa Ganze, Kaloleni au Magarini huondoka nayo. Sanamu ya Mekatilili tunayo mjini Malindi, na vijana hupiga picha mbele yake. Nawasihi vijana hao, wakirudi nyumbani jioni, wakae na bibi zao, wawaulize habari za kale, na wawalinde.