Kijana Aliyezipa Elementi Namba Zake

Semista iliyopita mwenzangu mmoja wa fizikia alinikalisha mbele ya kompyuta yake anionyeshe Geant4. Hii ni programu ya bure iliyoanzia CERN, Uswisi, kwa ajili ya watu wa fizikia ya chembe. Unajenga maabara ndani ya kompyuta: hapa chanzo cha eksirei, pale kipande cha shaba, pembeni kigunduzi cha silikoni. Halafu unafyatua fotoni moja moja, hata milioni, na programu inarusha dadu kwa kila moja: imepita, imetawanyika, au imemezwa na atomi. Wanaotengeneza vigunduzi hufanya hivi kabla ya kununua chochote, ili wajue unene na pembe vinavyofaa.

Mara ya kwanza tulipata eksirei zilizotawanyika tu. Alama ya shaba haikuwepo. Tulihangaika karibu saa nzima, kumbe hatukuwa tumewasha fluoresensi. Ni hivi: eksirei ikiing'oa elektroni ya ndani kabisa ya atomi, elektroni ya juu hushuka kuziba pengo, na atomi hutoa eksirei yake yenyewe. Tukawasha, tukarudia, na mstari ukasimama karibu na elektronivolti 8,000. Tukaweka chuma badala ya shaba, mstari ukahamia 6,400. Nikamuuliza namba hizi zinatoka wapi. Akasema hayo ni mambo ya Moseley, akaenda zake kula. Mimi nikabaki na Moseley.

Henry Moseley alizaliwa Weymouth, kusini mwa Uingereza, tarehe 23 Novemba 1887. Baba yake alikuwa profesa wa Oxford, na aliwahi kuzunguka dunia na meli ya utafiti iliyoitwa Challenger. Alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, na mama, Amabel, ndiye aliyemlea. Henry alisoma Eton, kisha Trinity College, Oxford, ambako mwaka 1910 alimaliza na daraja la pili. Wenzangu tunaokosa usingizi kwa ajili ya GPA, naomba tuisome tena sentensi hiyo.

Akaenda Manchester kwa Ernest Rutherford. Mwaka wa kwanza mzigo wa kufundisha ulikuwa mkubwa, baadaye akaachiwa afanye utafiti. Mwaka 1912 kukatoka habari Ujerumani kwamba fuwele inaweza kuzitawanya eksirei kwa mpangilio maalumu. Moseley aliona kuwa hapo pana kazi. Rutherford hakuwa na hamu sana mwanzoni, lakini kijana alishikilia msimamo wake mpaka akaruhusiwa.

Swali lake lilikuwa rahisi kulisema: ni nini hasa kinachozipanga elementi? Wakati huo zilipangwa kwa uzito wa atomi, lakini mpango huo ulikuwa na kasoro. Kobalti ina uzito wa 58.9 na nikeli 58.7. Kwa uzito, nikeli ingetangulia, ila kwa tabia zake za kikemia kobalti ndiyo inayostahili kutangulia. Wanakemia waliiweka mbele bila kuwa na sababu ya kueleweka. Namba ya elementi ilikuwa nafasi tu kwenye foleni.

Moseley alipanga sampuli zake juu ya kigari kidogo ndani ya bomba lililoondolewa hewa, akawa anakivuta kwa mshipi wa hariri ili kila sampuli ifike kwenye njia ya elektroni bila kulifungua bomba. Eksirei zilizotoka zilipita kwenye fuwele na kuacha mistari juu ya bamba la picha. Alianza na elementi kumi, kutoka kalsiamu hadi zinki, akiiruka skandiamu.

Matokeo yalikuwa manyoofu ajabu. Kipeuo cha pili cha nishati ya mstari mkuu kiliongezeka kwa kiasi kilekile kila alipopanda hatua moja. Jaribu mwenyewe. Chukua namba ya elementi, toa 1, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 10.2. Shaba ni 29: 28 mara 28 mara 10.2 ni kama 8,000. Chuma ni 26: utapata kama 6,400. Ndiyo mistari yetu ya kwenye kompyuta! Kobalti ikatulia kwenye 27 na nikeli kwenye 28, uzito upende usipende. Namba ile ilikuwa chaji ya kiini chenyewe cha atomi.

Mwishoni mwa 1913 alihamia Oxford, akafanya kazi bila mshahara, na mwaka 1914 orodha yake ikafika hadi dhahabu, namba 79. Aliacha wazi nafasi za 43, 61 na 75. Zote zilikuja kujazwa: reniamu mwaka 1925, teknetiamu 1937, prometiamu 1945.

Katikati ya 1914 alisafiri na mama yake kwenda Australia kwenye mkutano wa wanasayansi, na vita vikaanza. Akarudi haraka kujiunga na wahandisi wa jeshi. Hakulazimishwa na mtu, yeye mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania kwenda. Rutherford alijaribu kutafuta njia ya kumrudisha kwenye kazi ya sayansi, haikuwezekana. Tarehe 10 Agosti 1915, huko Gallipoli, Uturuki, akiwa anapitisha amri kwa simu ya kijeshi, alipigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na miaka 27. Katika wosia wake mali yake aliiachia Royal Society, itumike kwa utafiti.

Nimejadiliana sana na mwenzangu kuhusu kifo hiki. Yeye anasema serikali ilikosea kumweka mtu wa aina ile mstari wa mbele. Mimi naona hivyo pia, lakini najiuliza: wale waliokufa pembeni yake, ambao hawakuwahi kupewa maabara, nani alijua wangefanya nini? Hapo huwa tunanyamaza wote wawili.

Leo kuna vifaa vya mkononi, vyenye umbo kama la bastola, vinavyopima usafi wa dhahabu kwa sekunde chache kwa kusoma mistari hiyohiyo. Mimi nasomea ualimu, na huenda shule nitakayopangiwa haitakuwa na eksirei wala kompyuta. Lakini ile hesabu ya 10.2 inahitaji chaki tu. Nitaanza na shaba, halafu nitawaambia wanafunzi habari za kijana mwenye kigari na mshipi wa hariri.