MAISHA YA MAREHEMU RONALD GIDEON NGALA, NA SWALI LA ASKARI POLISI



Baada ya hesabu za fedha na habari za misaada, yafaa pia tuwakumbuke watu wetu waliotangulia. Mwaka huu twamkumbuka marehemu Ronald Gideon Ngala, mzaliwa wa nchi ya Wagiriama, aliyefariki tarehe 25 Desemba 1972. Wengi wamjua kwa jina lililopewa barabara mjini Nairobi, na kwa siasa ya majimbo. Lakini ndani ya siasa hiyo mlikuwamo swali moja ambalo halijazeeka: askari polisi ni mtu wa nani, na watu wa kila rangi na kila kabila wana fungu gani katika kikosi chake?

Alizaliwa mwaka 1923 katika wilaya ya Kilifi, miaka tisa tu baada ya vita vya Wagiriama vya 1914. Basi alikua miongoni mwa watu walioviona vita vile kwa macho yao. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikwisha kukamatwa mwaka 1913 na kupelekwa mbali, hata Kisii. Mwezi wa Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Nyumba kwa maelfu zikateketezwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa wahame ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Kwa wazee wa siku zile, askari hakuwa mlinzi. Alikuwa mgeni mwenye bunduki, asiyeijua lugha ya mwenye nyumba, wala asiyekuwa na jamaa hapa wa kumwonea haya.

Ngala alisoma katika shule za misheni, akaenda Alliance High School kule Kikuyu, kisha Makerere, Uganda, alikohitimu ualimu. Akafundisha Kaloleni, halafu akawa mwalimu mkuu wa shule ya Buxton, Mombasa. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, watu wa Pwani walimchagua yeye.

Yapasa kukumbuka jinsi kikosi cha polisi kilivyokuwa wakati huo. Kilipangwa kwa rangi, kama ngazi. Maofisa wa juu walikuwa Wazungu. Wahindi waliwekwa katikati. Mwafrika alikuwa konstebo, koplo au sajini, na waliofika cheo cha inspekta walikuwa wa kuhesabika. Mshahara na nyumba vilifuata ngazi hiyo hiyo. Hata miongoni mwa Waafrika palikuwa na ubaguzi mwingine, kwa kuwa wakoloni walipenda kuandika askari katika makabila waliyoyahesabu kuwa ya vita. Kijana wa Kimijikenda hakuhesabiwa humo, hata awe hodari namna gani.

Mapema mwaka 1960 Ngala aliongoza wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, London, Tom Mboya akiwa katibu wao. Mwezi wa Juni mwaka ule ule chama cha KADU kiliundwa, naye akawa rais wake. Hoja ya chama hicho ilikuwa hii: kuondoa ubaguzi wa rangi ni jambo la haki, lakini halitoshi. Mzungu akiondoka katika kiti cha ukubwa, na kiti hicho kikawa cha kabila moja au mawili yenye watu wengi, wadogo watakuwa wamebadilishiwa bwana tu.

Katika mkutano wa pili wa London, mwaka 1962, mpango wa majimbo ulikubaliwa. Kwa katiba ya 1963 nchi iligawiwa majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na kila jimbo likapewa kikosi chake cha polisi chini ya mkuu wa polisi wa jimbo. Ngala akawa rais wa Baraza la Jimbo la Pwani, na pia kiongozi wa upinzani Bungeni.

Wapinzani wake nao walikuwa na hoja, wala si haki kuificha. Chama cha KANU kilisema kwamba polisi waliogawanyika watakuwa dhaifu na wa gharama kubwa, na kwamba nchi changa yahitaji amri moja. Tena watu wa bara waliokuwa wakifanya kazi bandarini Mombasa waliogopa kwamba polisi wa jimbo wangewageukia wao. Katika mkutano wa Septemba na Oktoba 1963 nguvu nyingi juu ya polisi zilirudishwa katika serikali ya kati. KADU ilivunjwa Novemba 1964, Ngala akaingia KANU, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Mzee Kenyatta. Bernard Hinga akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Kamishna wa Polisi. Ngazi ya rangi ikavunjika. Swali la makabila madogo likabaki.

Ngala hakuishi kuliona likijibiwa. Alipata ajali ya gari katika barabara ya Mombasa na Nairobi, akafa siku ya Krismasi. Lakini hoja yake haikuzikwa naye. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 246, imeagiza kwamba Huduma ya Taifa ya Polisi ionyeshe sura ya maeneo na makabila yote ya Kenya. Polisi ni wamoja, kama walivyotaka wapinzani wake, lakini milango iwe wazi kwa wote, kama alivyotaka yeye.

Ndugu wanachama, sheria iliyoandikwa ni kama jembe lililotundikwa ukutani, halilimi lenyewe. Siku ya kuandikisha makurutu, vijana wetu wawe na vyeti vyao na vitambulisho tayari, na wazee wasikubali hata siku moja nafasi ya mtoto wa maskini inunuliwe kwa hongo. Na askari wa kabila jingine aliyeletwa kwetu, huyo naye tumpokee, tumfundishe lugha, tumwalike katika matanga na harusi zetu. Akiwajua wenye nyumba kwa majina, hatabaki mgeni mwenye bunduki kama wale wa 1914. Nasi tukiwa na watoto wetu katika kikosi kile kile, kule Turkana na Kisii na Garissa, tutatamani wao pia wapokewe hivyo.