Rosalind Franklin: Mwanakemia Aliyetumia Zebaki Kuchunguza Virusi vya Tumbaku

Zebaki ambayo wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamagasa, mkoani Geita, huitumia kunasa chembe za dhahabu, iliwahi kufanya kazi nyingine kabisa jijini London. Katika miaka ya 1950, mwanakemia Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Kenneth Holmes waliipachika ndani ya virusi vya batobato ya tumbaku, zao linalolimwa pia Kahama, mkoani Shinyanga, ili mionzi ya eksirei iwafichulie umbo la virusi hivyo.

Franklin alizaliwa London Julai 25, 1920, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Mwaka 1938 alijiunga na Chuo cha Newnham, Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya utafiti wa makaa ya mawe, uliompatia shahada ya uzamivu mwaka 1945. Kuanzia mwaka 1947 alikuwa Paris, alikobobea katika kuchunguza mata kwa eksirei.

Mapema mwaka 1951 alirejea London, katika Chuo cha King's, na kukabidhiwa uchunguzi wa DNA. Kabla mwaka huo haujaisha, James Watson na Francis Crick wa Cambridge waliwaalika watafiti wa King's kutazama kielelezo chao cha kwanza: nyuzi tatu, fosfeti zikiwa katikati, zikishikwa pamoja na ayoni za magnesiamu. Franklin alikikataa papo hapo. Fosfeti zina chaji hasi na husukumana, hivyo ni kweli kwamba ayoni yenye chaji chanya huweza kuzituliza. Lakini DNA hubeba maji mengi, na ndani ya maji magnesiamu hujivika molekuli za maji pande zote. Ayoni iliyovikwa hivyo haiwezi kuwa msumari wa kubana nyuzi tatu. Kwa hoja yake, fosfeti zilipaswa kukaa nje. Alikuwa sahihi, na kielelezo kile kikaachwa.

Mei 1952, yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha iliyokuja kujulikana kama Picha Namba 51. Watson alioneshwa picha hiyo mapema mwaka uliofuata bila Franklin kujua, jambo ambalo wanahistoria wa sayansi wanabishania hadi leo. Watson, Crick na Maurice Wilkins walipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1962, Franklin alikuwa amekwishafariki.

Hoja yake juu ya ayoni na maji haikuishia kwenye DNA. RNA nayo ina fosfeti zinazosukumana, na ribosomu, kiwanda cha kutengeneza protini ndani ya kila seli, imejengwa kwa sehemu kubwa kwa RNA. Ayoni za magnesiamu ndizo zinazoituliza RNA hiyo ijikunje na kushika umbo lake. Magnesiamu ikipungua mno, ribosomu huachana vipande viwili na utengenezaji wa protini husimama.

Mwaka 1953 Franklin alihamia Chuo cha Birkbeck. Virusi vya tumbaku ni vijiti vyenye urefu wa nanomita 300 hivi, vyenye uzi mmoja wa RNA na ganda la protini. Alionesha kwamba RNA haikai kwenye tundu la katikati. Imezamishwa kati ya protini, nanomita 4 kutoka kwenye mhimili. Kwa msaada wa zebaki, inayong'ang'ania salfa iliyomo katika kila protini ya ganda, ilithibitika kwamba protini 49 hukamilisha mizunguko mitatu.

Tabia hiyo ya kung'ang'ania salfa ndiyo inayoifanya zebaki kuwa sumu. Mvuke unaovutwa na anayechoma zebaki jikoni kwake au kando ya mwalo huingia mapafuni, kisha kwenye damu, na hatimaye hushika protini za ubongo na figo kama ilivyoshika zile za virusi. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, humrudishia mchimbaji zebaki yake badala ya kuipeleka mapafuni mwake.

Mwaka 1956 Franklin aligundulika kuwa na saratani ya ovari. Aliendelea kufika maabara kati ya matibabu, na alifariki London Aprili 16, 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Siku iliyofuata maonesho ya dunia yalifunguliwa Brussels, na kielelezo chake kikubwa cha virusi vya tumbaku kikiwa mahali pake.

Kazi iliendelezwa na mwenzake Aaron Klug, aliyekulia Afrika Kusini na kupata Nobeli ya Kemia mwaka 1982. Mwaka 1983 Klug na wenzake walichapisha ushahidi wa eksirei kuhusu namna ayoni ya risasi inavyoukata uzi wa RNA ndogo inayobeba malighafi ya protini kuipeleka kwenye ribosomu.