Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Habib Swaleh na Watoto wa Watu

Allah azipokee saumu zetu, na walio mbali na kwao mwezi huu awape wepesi.

Leo tumtaje mtu wa pwani yetu, Sayyid Swaleh bin Alawy Jamalullayl, Habib Swaleh wa Lamu. Wengi tunalijua jina lake kwa sababu ya maulidi. Kila Mfungo Sita watu hujaa Lamu, zefe hupita, matari hulia, kisha kila mtu anarudi kwao. Lakini zile ni siku chache tu. Mwaka mzima uliobaki, pale Riyadha kuna vijana wanaosoma wakiwa mbali na mama zao, na lazima pawe na mtu wa kujua nani kala na nani ana homa. Hilo ndilo nataka tuliangalie leo.

Yeye mwenyewe alikuwa mgeni Lamu. Alizaliwa Ngazija karibu mwaka 1853, akaja Lamu kijana, kwa jamaa zake masharifu. Sharifu katika mji ule hakukosa pa kukaa. Angeweza kuketi barazani kwa wakubwa wa Mkomani, kwenye majumba ya mawe, akabusiwa mkono mpaka mwisho wa umri wake. Yeye akaenda upande wa pili, Langoni, kwenye vibanda vya makuti, akakaa na watumwa, waliokuwa watumwa na wageni wasiokuwa na ukoo mjini.

Tusipite haraka hapa. Lamu ya wakati ule ilikuwa na elimu nyingi sana, ila ilikuwa na wenyewe. Ilirithiwa kama nyumba, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Mtoto wa mtumwa alifundishwa yale ya kumtosha kuswali, basi. Nahau, fiqhi, tafsiri, hayo hayakuwa yake. Halafu mwaka 1907 sheria ikaufuta utumwa katika pwani ya Kenya. Vizuri. Lakini mtu akishaambiwa yuko huru, anakwenda wapi? Shamba hana, ukoo hana, na mjini bado anaitwa kwa jina la bwana wake wa zamani. Habib Swaleh alikuwa ameanza kuwasomesha watu hawa miaka mingi kabla ya hiyo sheria.

Na kilichowaudhi wakubwa wa mji kilikuwa hicho. Watu husema ugomvi ulikuwa juu ya matari msikitini, na kweli matari yalizozaniwa sana, kwa sababu alisoma Maulidi ya Kihabshi kwa matari na kaswida, na wanyonge wakaja kwa wingi. (Najua humu ndani tuko tunaotofautiana juu ya maulidi. Chaneli hii si uwanja wa kubishana. Liweke hilo pembeni, mengine bado yapo.) Kwa maoni yangu, tari lilikuwa juujuu tu. Kumpa maskini sahani ya wali hakujamkasirisha mtu tangu dunia iumbwe. Ukimlisha, atarudi kesho akiwa maskini yule yule, na wewe utabaki bwana yule yule. Lakini ukimkalisha chini ukamsomesha kitabu mpaka akajua kukisomesha yeye, kesho utamkuta mbele ya safu, na wewe uko nyuma yake unasema amin. Hapo ndipo watu walipokunja uso.

Hakuwa peke yake, alhamdulillahi. Sayyid Mansab, mwanachuoni na mshairi mkubwa wa Lamu aliyefariki 1922, alikuwa mwalimu wake, na ndiye aliyemsaidia kupata ardhi. Na huko Hadhramaut, mjini Seiwun, Habib Ali bin Muhammad al-Habshi alikuwa ameshajenga ribati, yaani nyumba ya wanafunzi wanaotoka mbali, pamoja na msikiti ulioitwa Riyadh. Habib Swaleh akafuata mwendo huo huo. Mwanzo kibanda, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti, ukaitwa Riyadha, na wanafunzi wakaanza kumiminika kutoka visiwani na pwani nzima.

Sasa fikiri kazi yenyewe. Mwanafunzi wa mtaani akimaliza darsa anakwenda kwao kula. Huyu wa kutoka mbali anakaa. Ana tumbo, ana nguo zinazochakaa, usiku analia kimya kimya kwa ajili ya kwao. Ada hakuna. Kinachoingia ni sadaka na waqfu tu, na sadaka haina tarehe, lakini njaa inayo. Sisi wenyewe tunalijua hili kwa madrasa zetu za bweni. Ramadhani magunia ya mchele yanapangwa mpaka mlangoni, tende mpaka zinapata wadudu. Mfungo Mosi ukishaandama, mpishi anaanza kupima kwa kikombe. Watoto ni wale wale, lakini simu za wafadhili hazipokelewi tena.

Habib Swaleh aliibeba kazi hiyo maisha yake yote. Wakija wagonjwa aliwatibu pia, maana tiba alikuwa akiijua. Alifariki mwaka 1935, na mwanawe, Sayyid Ahmad Badawi, akaendelea pale pale. Wanafunzi waliotoka mikononi mwao walirudi makwao kando ya pwani, wakaenda kusomesha watoto wengine.

Riyadha mpaka leo imehifadhi vitabu vyake vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono. Miaka ya karibuni vimepigwa picha kimoja kimoja ili visipotee, na anayetaka anaweza kuvitazama kwenye mtandao. Ukivifungua vile vya waqfu, utakuta mwenye kitabu amekiweka kwa ajili ya wanafunzi, kisiuzwe wala kisirithiwe. Ni elimu ile ile iliyokuwa ikirithiwa ndani ya majumba ya Mkomani.

Allah amrehemu yeye na waliomsaidia. Kesho inshaallah, baada ya alasiri.